Neno Lililokosea Kichwa

Konsesa alipofariki mwaka huu, msiba uliwekwa mtaa wa Musaga, kwa binti yake Alina. Kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kati ya wale waliomjua tangu ujana, nilipewa kiti kizuri, cha plastiki lakini chenye mikono, na soda ambayo sikuiomba. Vijana wa kikundi cha sala cha Alina walikuja kuimba. Siku hizi vijana wana kiu ya mambo ya roho ambayo sisi tulidhani ni ya wazee na wagonjwa. Wanakwenda kukaa kimya kutwa nzima kando ya ziwa, wanafunga bila kulazimishwa na mfuko, wanasikiliza mafundisho kwenye simu wakiwa kwenye foleni ya mafuta, na wakikutana hawaulizani tena "unasali wapi?" bali "Mungu anakusemesha namna gani?" Mmoja wao, kijana mwenye miwani, alivuta kiti chake karibu na changu. "Mama," akasema, "Alina ametuambia wewe na marehemu mulisali pamoja wakati wa vita. Ni kweli watu walikuwa wanasikia sauti ya Mungu?" Nikamwambia walisikia nyingi mno, hiyo ndiyo ilikuwa taabu yetu. Akacheka akidhani ni utani. Nikahesabu vijana waliosogea kusikiliza, nikahesabu tena kwa mazoea, nikaona wanatosha kunifanya niseme sawasawa. Niliyowaambia jioni ile ndiyo ninayoandika hapa, pamoja na yale ambayo mtu hayasemi mbele ya msiba.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao majirani walitufungia mipaka na mafuta ya gari yakauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, nauza viatu vya mitumba soko kuu, na jina langu la ubatizo lilikuwa limeshasahaulika. Watu wote waliniita Punguza, kwa sababu hilo ndilo neno nililolisema kabla ya kusalimia. Nilikuwa nalifungua robota la viatu, nahesabu vya kulia, nahesabu vya kushoto, halafu naanza upya, maana kiatu kimoja bila mwenzake ni hasara yenye umbo zuri. Nilipanga Nyakabiga, uani, chumba changu kikitazamana na cha Konsesa, katikati yetu bomba lililotoa sauti kuliko maji. Tulipika mapema, jua bado liko juu ya milima ya Kongo, ili kuvrefe, yaani ile amri ya kutotoka usiku, itukute ndani tumeshakula. Maharage, ndizi, siku ya bahati samaki mkavu. Na kila jioni Konsesa alipakua sahani moja zaidi, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati. Hiyo ilikuwa ya mumewe, Venansi, aliyekwenda upande wa Rumonge kuleta mawese. Lori halikurudi, dereva hakurudi, hata dumu moja halikurudi. Wengine walisema walivamiwa njiani. Wengine walisema abiria walikimbilia ziwani na kuvuka Tanzania. Hakuna aliyesema ameona. Asubuhi Alina, mtoto mdogo wakati huo, aliruhusiwa kula chakula cha baba yake kikiwa kimepoa, na nadhani alimpenda sana baba yake kwa ajili hiyo.

Jumapili moja wakwe wa Konsesa walikuja kutoka Musaga: Fideli, kaka mkubwa wa Venansi, karani aliyevaa saa hata ikiwa imesimama, na mama yao, ambaye sote tulimwita Mama Fideli. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nasugua soli, na katika ua kama ule mtu hahitaji kutega sikio. Kwetu kilio kina milango miwili. Kinafunguliwa siku ya mazishi, kinafungwa siku ya kuganduka, ndugu wakikusanyika, wakinywa, mkubwa wa familia akisema kwamba machozi yametosha. Kati ya milango hiyo familia haifanyi harusi. Sasa dada mdogo wa Venansi alikuwa ameposwa, na upande wa bwana harusi umechoka kusubiri watu ambao hawajui kama wamefiwa. Fideli alitaka milango yote miwili ifunguliwe na kufungwa siku moja.

"Bon, Konsesa, tumengoja," alisema. "Hatuwezi kupiga ngoma na kilio iko wazi."

"Kilio gani? Nani amekufa?"

"We nawe! Mutu anaondoka, hakuna barua, hakuna salamu, unafikiri ameenda kutembea?"

Mama Fideli hakuinua uso. "Mi nataka nilie mara moja niishe," alisema. "Kulia nusunusu kunaniua, mutoto yangu."

 Konsesa akasema wampe muda aulize. Fideli akataka kujua atamuuliza nani, kwa kuwa polisi, jeshi na redio walishaulizwa. "Mungu," alijibu Konsesa. Fideli akatazama saa yake. Mwaka ule hata karani hakuthubutu kumwambia mtu kwamba Mungu hana taarifa.

Maana ni lazima nieleze jinsi mji ulivyokuwa. Kabla ya vita watu wa kwetu walikwenda kanisani kama wanavyokwenda kwa shangazi, kwa heshima na mara moja kwa wiki. Vita vilipoendelea, kanisa la Jumapili likawa halitoshi. Kila mahali palizuka vyumba vya maombi: sebuleni, kwenye gereji, nyuma ya maduka, juu ya ngazi za maghorofa. Kwingine watu hukesha usiku, lakini usiku wetu ulikuwa wa wenye bunduki, kwa hiyo mkesha wetu tuliufanya mchana. Ofisi na maduka yalifungwa saa sita mpaka saa nane, kama Wabelgiji walivyotuzoesha, na hakukuwa na mafuta ya kumrudisha mtu nyumbani kula, wala mara nyingi hakukuwa na hicho cha kula. Basi kufunga na kukosa vilikutana njiani vikasalimiana. Saa sita ikigonga ungeona makarani, wauza nyanya, walimu, wote wanapotelea kwenye vichochoro kama wanaokwenda kuiba. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka kwenye meza yangu kwa udadisi wa mfanyabiashara: foleni ikiwa ndefu hivyo, ndani kuna nini? Na zaidi ya yote nilisikia kwamba humo watu wanaambiwa mambo. Fulani aliambiwa asipande basi, na basi likachomwa. Fulani aliambiwa jina la mtoto wake kabla hajapata mimba. Nilikuwa sijui kama naamini. Nilijua tu kwamba ningependa kuliona robota likifunguliwa.

Jioni ile Konsesa akaja kuketi kwenye kizingiti changu. "We Punguza," akasema, "mutu gani anaweza kukuuzia kitu kibovu?"

"Huyo hajazaliwa, dada."

"Basi kesho saa sita tuende wote. Wakinipa neno, we uangalie kama iko nzima."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye maisha ya sala. Wengine waliingia kwa machozi, wengine kwa ndoto. Mimi nilipelekwa kukagua mali.

Chumba cha kwanza kilikuwa mtaa wa Cibitoke, ndani ya karakana ya seremala. Tuliketi juu ya mbao ambazo hazijapigwa randa, na kila aliyesimama kuomba alisimama na vumbi la mninga kwenye makalio. Nabii aliitwa Ndugu Emili, kijana mwenye tai. Mimi, kwa kazi yangu, sikumtazama tai, nilimtazama viatu: soli zimeliwa upande mmoja, za mtu anayetembea umbali mrefu kwenda kuombea watu na kurudi. Nikampa alama. Tulikuwa tumepatana na Konsesa kwamba hatutasema lolote, tuone kama Mungu atamwambia mwenyewe. Ndugu Emili alizunguka akiweka mikono juu ya vichwa, akafika kwa Konsesa, akatulia. "Naona maji," akasema. "Naona mwanaume anavuka maji. Iko hai." Konsesa alinishika mkono nikahisi kucha zake. Njiani alikuwa anakaribia kukimbia. Sikutaka kumharibia, lakini nilikuwa nimeletwa kwa kazi. "Dada," nikamwambia, "hapa tunaishi pembeni ya ziwa. Yule anayeona maji hajaona kitu bado. Aone mlima wa Kigoma, aone jina kwenye mtumbwi." Konsesa akasema mimi ningemwomba Mungu apunguze hata mbinguni. Jioni ile alipakua sahani ya Venansi ikajaa kuliko yangu.

Lakini kwenye vyumba hivyo kulikuwa na sheria, na sheria ilinipendeza kwa kuwa ilifanana na ya sokoni: neno moja halitoshi, lazima lithibitishwe na mtu mwingine asiyekujua. Kwa hiyo tukaenda chumba cha pili, kule kule Musaga, sebuleni kwa Mama Paskazia, ambapo viti vilivikwa vitambaa vya kufuma na wageni tuliketishwa chini kwenye mikeka. Mvua ilikuwa inanyesha, bati linavuja. Mahali pangu palikuwa chini ya tundu, na Konsesa, kwa kuwa mimi ni mdogo wake, aliniambia nikae pake, pakavu, yeye akae kwenye matone. Nilikuwa nimejifunika kanga kichwani, natetemeka, kwa sababu tulipokuwa njiani milio ilisikika kutoka vilimani na sikuwa bado nimerudisha pumzi. Wengine walikuwa wanalia kwa sauti, wengine wanatembea wakipiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu watu. Mama Paskazia akaja moja kwa moja, akaniwekea mikono miwili mizito kichwani.

"Binti," akasema, "bwana yako amepumzika. Amelala katika Bwana. Acha kumungojea."

"Mama, mi sina bwana."

Hakutetereka hata kidogo. "Ni yule atakayekuja," akasema, akasogea kwa mwingine. Kwa hiyo nilitangazwa mjane wa mtu ambaye sijakutana naye mpaka leo. Ningecheka papo hapo, lakini pembeni yangu Konsesa alitoa mguno mdogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole, na nilipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Tulirudi kwa miguu mpaka Nyakabiga. Karibu na nyumbani ndipo aliposema: "Ile neno ni yangu. Imekosea kichwa tu."

"Dada, amenishika mimi. Mi sina bwana, amesema nina bwana amekufa. Hii ni kiatu ya mguu moja, irudishwe."

"Apana. We ulikaa nafasi yangu. Mungu alileta mahali nilipaswa kukaa."

Nilidhani usingizi utamwondolea hilo, kumbe kesho yake nilipolisimulia sokoni kwa kuchekesha watu, hawakucheka. Walianza kulijadili kama wanasheria. Muuza kandambili wa kushoto kwangu alisema neno linafuata mkono, likishashuka kwenye kichwa limeshashuka, mimi nijiandae. Mama wa mikoba akasema apana, neno linafuata aliyefunga, akaniuliza kama siku ile nilikuwa nimefunga. Nikakiri kwamba saa nne nilikula sambusa mbili. "Unaona?" akawaambia wengine. "Hiyo kichwa ilikuwa ya kupitia tu." Mwingine akauliza kama mkeka ulikuwa wa Mama Paskazia au wa kuazima, jambo ambalo kwake lilibadilisha kila kitu. Walikuwa wanasema kwa moyo wote. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba labda mama wa watu aliona msichana anatetemeka, akasema kile ambacho mwaka ule kilikuwa kweli kwa nusu ya wanawake wa chumba chochote. Leo, nikiwatazama vijana wa Alina wakibishana kwenye simu zao kama ndoto fulani imetoka kwa Mungu ama kwa maharage ya usiku, nawaona wale wale wa sokoni, na siwacheki. Watu hawabishani hivyo juu ya kitu wasichokihitaji.

Siku ile Konsesa hakuweka sahani. Siku iliyofuata aliiweka tupu, imefunikwa. Hapo ndipo udadisi wangu ulipopata uzito. Mpaka wakati huo nilikuwa nimekaa kama mtu anayetazama wengine wakicheza karata. Sasa niliona mwanamke anakwenda kumzika mume wake kwa sababu ya tundu kwenye bati. Na Fideli alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba pombe ya ndizi ya kuganduka imeagizwa.

Chumba cha tatu nilikipata mimi, na nilikipata kwa njia ya biashara. Kulikuwa na Mzee Seif, mwenye duka la vitenge, wa zile familia zilizotoka Omani zamani mpaka Kiswahili chao kikawa na vumbi la hapa hapa. Nilikuwa napenda kushindana naye bei kwa sababu alikuwa na kasoro moja ya ajabu kwa mfanyabiashara. Ukimwomba kitenge cha Uholanzi na hana, anasema hana. Wengine wangekuvutia chochote wakaapa kwa watoto wao. Yeye alisema, "Sina, binti, hiki ni cha kwingine, usije ukasema Seif alikudanganya," halafu akakushinda kwenye bei ya kile alichonacho. Saa sita, yeye alifunga mlango wa mbele akaenda msikitini, na mlango wa nyuma aliuacha wazi kwa wanawake wachache wa Kikristo waliosali kwenye stoo yake.

"Hawakusumbui, Mzee?" nilimuuliza.

"Wale? Wananyamaza kuliko wateja. Mwanzoni niliwaambia wasiniangushie marobota tu. Mungu ataamua yaliyobaki, mi nalinda kitambaa."

Nilimpeleka Konsesa kesho yake. Stoo ilinuka rangi mpya na karatasi. Wanawake waliketi juu ya marobota, na nilipowatazama nilitambua kitu ambacho siku zile kilikuwa kigeni kuliko unabii: walikuwa wametoka kwenye mitaa ambayo, kwa vita vya makabila, ilikuwa imeacha kusalimiana. Mmoja wa Kinama, mmoja wa Musaga, mmoja wa Buyenzi, magoti yanagusana kwa sababu nafasi ni ndogo. Aliyewaongoza aliitwa Mama Daforoza, mwalimu mstaafu mwenye sauti iliyoishia nusu kwa kupigia kelele watoto. Alisoma kwenye Maandiko maombi ya mtu aliyekuwa anamlalamikia Mungu kwamba amechelewa, akafunga, na baada ya hapo hakuna aliyesema kitu. Hakuna aliyetembea, hakuna aliyepiga makofi. Walikaa. Mimi, mtu wa soko kuu, sijawahi kusikia kimya cha watu wengi hivyo bila kuwa na maiti ndani. Nilihesabu watu, nikahesabu tena, halafu nikakosa cha kuhesabu, na hapo nikaanza kusikia mambo: mvua ya jana ikidondoka kwenye mfereji, tumbo la mama wa Kinama, na mbali kabisa, upande wa vilima, mlio mmoja na mwangwi wake. Mwishoni Konsesa hakuvumilia.

"Mama, nimekuja kutafuta neno," akasema. "Ya bwana yangu. Kama iko hai ao amekufa. Nimepewa mbili na zimegombana, nataka ya tatu."

Mama Daforoza alimgeukia. "Sijui, mutoto yangu," akasema. "Mi sina."

"Basi umuulize Mungu."

"Nitamuuliza. Nitaweka jina lake pamoja na la kijana wangu. Aliondoka shuleni akiwa na yunifomu, nikabaki naulizaulizaga. Kila saa sita namuuliza Mungu, hajanijibu."

Mimi sikuzaliwa kunyamaza. "Sasa mama, usikasirike," nikasema, "kama haujibiwi, unakuja kufanya nini hapa?"

"Nakuja kuuliza," alijibu. "Nikiulizaga peke yangu nyumbani, nachoka. Hapa nikichoka huyu ananiulizia." Akamgusa goti mama wa Kinama. Mama wa Kinama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa kama amefunga mlango.

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Neno lile "sina" lilinishika. Nilikuwa nimezunguka vyumba ambavyo kila kitu kilikuwepo kwenye rafu, maji, usingizi, mume wa kuja, na hapa mtu ameulizwa anachohitaji yeye mwenyewe kuliko wote, na angeweza kusema lolote akaaminiwa, akasema hana. Kwa mara ya kwanza nilitaka kurudi bila kuombwa. Sitadai kwamba niliongoka siku ile. Sijui siku yenyewe. Vijana wa Alina wanapenda siku na saa, mimi sina cha kuwapa. Najua tu kwamba nilianza kufunga meza yangu saa sita, na majirani sokoni wakasema Punguza ameanza kujiandaa kwa ujane.

Konsesa naye alirudi, siku baada ya siku, na nilimwona akibadilika polepole. Hakuacha kulia. Aliacha kutafuta. Awali alikuwa anaingia stoo kama mtu anayekwenda posta kuuliza kama barua imefika, na alitoka uso umeanguka. Baadaye aliingia na kuketi. Aliuliza habari za kijana wa Mama Daforoza kabla hajataja Venansi. Jioni moja aliiosha ile sahani tupu, akaipanga na nyingine, akamwambia Alina kwamba baba akirudi atapakuliwa chakula cha moto, na kama amekwenda kwa Mungu, huko hawalishi watu viporo. Alina alisikitika kidogo, kwa sababu zake.

Fideli alikuja mwenyewe kuchukua jibu. Hakuketi. "Bon. Mungu amekujibu?"

"Apana, shemeji."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Na mutu asiyejua hawezi kukalia kiti ya mujane. Musifikiri nawazuia. Venansi ni ndugu yenu, ni mutoto wa mama. Mukitaka kufunga kilio, mufunge, mi nitakuja kupika. Lakini nitakaa na wageni."

"Konsesa! Watu watasema nini?"

"Watasema nimepika vizuri."

Fideli alitafuta macho ya msaada, akanipata mimi, nikajifanya nahesabu viatu. Nilikuwa kweli nahesabu, lakini kwa mara ya kwanza nilikosea hesabu nikakubali ikae hivyo. Fideli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdogo wake wa kuoza, mama asiyelala, na wageni waliokwisha kualikwa, na hapo mbele yake mwanamke aliyekataa kusema ndiyo na akakataa kusema apana. Hajafundishwa mahali popote jinsi ya kujibu hilo. Hata mimi, na miaka yote hii ya kubishana bei, sijaona mnunuzi aliyeshinda kwa njia hiyo.

Siku yenyewe ya kufunga kilio tulifika Musaga asubuhi na sufuria zetu. Konsesa alipika kama anayeoza binti: wali, ndizi na nyama, mboga ya lengalenga, maharage yenye mawese. Uani walikuwa wametandika turubai. Upande mmoja benchi la familia, na katikati yake viti viwili vya mbao, cha mama na cha mjane. Upande wa pili mabenchi ya wageni. Alipomaliza kupakua, Konsesa alifuta mikono, akapita mbele ya watu wote, akaja kuketi kando yangu kwenye benchi la wageni. Minong'ono ilitembea kwenye ua kama moto kwenye majani makavu. "Anamukataa bwana yake?" "Apana, anasema iko hai." "Nani amemwambia?" "Hakuna." "Sasa?" Uso wa Konsesa ulitulia. Kila kitu kilikuwa kwenye uso ule: kama angesimama sasa na kwenda kwenye kile kiti, Venansi amekufa, na hakuna mtu ambaye angemtafuta tena.

Fideli alisimama, akazungumza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyejifunza hotuba yake njiani. Alimsifu Venansi, akatoa shukrani, akasema ilibidi shughuli ifanyike haraka kwa sababu ya kuvrefe. Kisha akamimina pombe kwenye kibuyu kidogo, akampa mama yake, maana yeye ndiye anayepaswa kuonja kwanza, kisha mjane, na baada ya hapo machozi yamefungwa. Mama Fideli alikipokea kwa mikono miwili. Alikitazama. Akatazama kiti kitupu kando yake. Kisha akatazama upande wetu.

Akakiweka kibuyu chini bila kuonja. Akasimama, polepole, akishikilia goti, akachukua sahani yake ya wali, akavuka ua.  Alifika mbele ya Konsesa, akasema, "Sogea." Mimi nikasogea, Konsesa akasogea, na mama yule akajibana katikati yetu, sahani mapajani.

"Mama!" Fideli aliita. "Na harusi?"

"Harusi mufanye," alisema. "Binti aolewe, watu wacheze. Lakini Venansi musimuzike. Na mi sijui."

"Nani amesema inawezekana hivyo? Desturi—"

"Mi nasema. Kula, Fideli, chakula inapoa."

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, ambaye kilichomleta kilikuwa harusi tu, akaanza kula kwa nguvu, na kijiko chake kikawafungulia wengine. Mama Fideli alikula kidogo, akatafuna taratibu. Kisha akamwinamia Konsesa, akashusha sauti, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka wengine wajue anakitaka.

"Huko munaendaka saa sita," akasema, "mutu anaenda na nini?"

Alimaanisha zawadi. Kwetu huendi mahali mikono mitupu.

"Na miguu tu, mama," Konsesa akamjibu.

Mama Fideli aliweka sahani pembeni, akainua kidogo pindo la kitenge chake, akaitazama miguu yake kama anayekagua kama itatosha.